Walichokuwa Wakisema Sokoni

Katika filamu yangu ya kwanza nilikuwa mke wa chifu, na chifu mwenyewe alikuwa mhasibu kutoka Moshi. Jina lake Massawe. Alivaa ngozi ya chui iliyokatwa kwenye zulia, akashika mkuki uliotengenezwa kwa fimbo ya pazia, na soksi alikataa katakata kuvua, kwa sababu lile ghala la Walthamstow, hapa London, tulilopigia picha halikuwa na joto lolote na nje barafu ilikuwa imeganda kwenye madirisha. Pori la Afrika lilikuwa mitende ya plastiki na sufuria mbili za maji yanayochemka. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nimefika kutoka Tanga hata mwaka haujaisha. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko kwa sababu rafiki yangu wa bwenini aliniambia kuna watu wanatafuta Waafrika na wanawapa chakula cha mchana.

Sehemu yangu ilielezwa kwa maneno machache: mke wa chifu anamwombea mzungu asiuawe, kwa lugha ya kwao.

"Lugha gani?" niliuliza.

"Yoyote mliyo nayo," alinijibu mpiga picha.

Basi kamera ikawashwa. Nikapiga magoti, nikamshika Massawe miguuni, nikalia kwa uchungu: "Massawe, tangu asubuhi hawa watu hawajatupa hata chai! Mzungu wao akifa na afe, mimi jioni nina zamu wodini!"

Massawe akainua fimbo ya pazia, akatazama mbali kama mtu anayeongea na mizimu, akanijibu kwa sauti nzito: "Nyamaza, mke wangu. Wanalipa kwa saa."

Mwenye filamu, mzee mmoja mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi, akafuta macho. Alisema ombi limetoka vizuri sana na hakuna haja ya kurudia.

Miezi ikapita. Nikaitwa ofisini kwake Soho, ghorofa ya juu, ngazi zinazonuka gundi. Alikuwa amekaa kama hakimu.

"Filamu yangu imekufa London," alisema. "Birmingham imekufa. Glasgow hawakuitaka kabisa. Lakini msambazaji ananiambia Tanga na Mombasa ukumbi unajaa kila siku, na watu wanacheka mwanzo hadi mwisho. Hii ni filamu ya huzuni, binti. Mwisho wake karibu kila mtu anakufa. Wanacheka nini?"

Nikafikiria kudanganya, nikaona sina nauli ya kutosha kudanganya na kukimbia. Nikamweleza, neno kwa neno. Akaniomba nirudie jibu la Massawe. Nikarudia. Akalaza kichwa juu ya meza na mabega yakaanza kumtikisika. Mimi muuguzi nikamshika mkono kutafuta mapigo ya moyo, kumbe anacheka.

Alipotulia aliniuliza, "Unajua kushona?"

"Najua."

"Anayejua kushona anajua kukata. Jumatatu uje."

Hivyo ndivyo nilivyoacha uuguzi, wanangu. Mama yangu alipopata habari alisema nimeacha kutibu watu nikaenda kukatakata picha zao. Filamu yenyewe alikuwa ameitazama mara mbili, na malalamiko yake yalikuwa moja tu: kanga nilikuwa nimeifunga vibaya mbele ya watu.

Huyo mzee aliitwa Haim Gorelik. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliokimbia mateso huko Ulaya Mashariki wakaishia Whitechapel, baba akashona makoti, mama akatia vifungo. Kwenye mabango ya filamu aliandikwa jina la Kiingereza ambalo mama yake hakuweza kulitamka. Mimi aliniita Mona, kwa sababu Mwanaidi lilimshinda, nami nikamwacha. Mtu ambaye jina lake mwenyewe limeshaenda kwa fundi likakatwa upya utamwambia nini?

Alianza kazi enzi ambazo filamu hazikuwa na sauti na kamera ilizungushwa kwa mkono. Alipiga filamu za habari. Ninyi hamkuzikuta: kabla ya televisheni, mtu alikwenda sinema, na kabla ya picha yenyewe alionyeshwa habari za wiki. Mfalme kafungua hospitali, meli imezama, farasi fulani kashinda. Gorelik alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza hapa mjini kuifanya kazi ile, akibeba kamera nzito kama cherehani juu ya basi, na baadaye akawa miongoni mwa wa kwanza kutengeneza filamu za hadithi. Waanzilishi wa kazi yoyote huishia mahali pawili. Wengine huchongewa sanamu, wengine hupanga chumba. Gorelik alipanga Kilburn.

Nimesema nitawaeleza kazi, nisije nikawa nawasimulia watu tu. Kikundi chenu cha vijana wa filamu wa Barking kiliniomba niandike "mbinu". Ninyi mnakata picha kwa kidole, kwenye simu, mkiwa mmesimama ndani ya treni. Mkikosea mnarudi nyuma, na kosa linakuwa halikutokea. Sisi tulikata kwa wembe. Mkanda unaupitisha kwenye mashine ndogo yenye taa, unatazama, unaweka alama kwa penseli ya mafuta, unakata, unaunganisha na gundi ya utepe. Vipande usivyovitumia unavitundika juu ya kapu la kitambaa kama nguo za mtoto, kwa sababu kesho bosi atakwambia unavihitaji. Mkono mmoja unavaa glavu nyeupe ya kushikia picha, mwingine unauacha mtupu ili usikie kwa ngozi upande upi ni wa picha. Upande wa picha unanata kidogo ukiulamba. Ndiyo, tuliilamba. Hapana, mjukuu wangu, haikuwa na ladha ya chochote.

(Mjukuu wangu huyo anaelewa kila ninachosema na kunijibu kwa Kiingereza, kama balozi. Akisoma haya ataniletea malalamiko rasmi.)

Kosa langu la kwanza lilikuwa la heshima. Tulipewa kazi ya kukata filamu fupi ya waziri anayefungua daraja. Nikaunganisha kipande kimoja kinyumenyume. Tulipoitazama, waziri alirudi kinyumenyume, utepe ukajiunga tena mikononi mwake, akaingia ndani ya gari kwa makalio na gari likaondoka likirudi ulikotoka msafara. Nilitamani sakafu initafune. Bwana Gorelik alitazama hadi mwisho.

"Nimepiga picha mawaziri maisha yangu yote," alisema, "na huyu ndiye wa kwanza kuacha kitu kama alivyokikuta."

Halafu akanifanya nirudie mkanda wote tangu mwanzo.

Alinifundisha pia kwamba mpiga picha za habari asishindane na wenzake kumpata mfalme. Mfalme ana sura moja tu, anaivaa akitoka nyumbani. Geuza kamera upige wanaomtazama. Alikuwa na picha ya mama mmoja akimpangusa mtoto pua huku gari la kifalme linapita nyuma ya mgongo wake, na aliipenda kuliko zote alizowahi kupiga. Mabosi wake waliikata.

Sasa nije kwa Bibi Fruma, maana bila yeye nisingekuwa na la kuwaandikia.

Filamu ya kwanza ya hadithi ya Bwana Gorelik, ile isiyo na sauti, ilihusu askari wa farasi wa Urusi wanaoshambulia kijiji cha Wayahudi. Farasi aliwakodi, na Urusi ilikuwa msitu wa Epping, kando ya London. Askari wakatili wote walikuwa mafundi nguo wa Whitechapel waliobandikwa masharubu. Siku ya kwanza kuonyeshwa, yeye alisimama nyuma ya ukumbi kusikiliza watu wanavyolia. Nao walilia kweli, isipokuwa msichana mmoja wa mbele aliyekuwa akicheka hadi anashika mbavu, tena wakati wa mauaji. Gorelik alingoja taa ziwake, akamfuata kwa hasira. Kumbe msichana ni kiziwi tangu utotoni, homa ilimwondolea masikio, na anasoma midomo.

"Yule mkatili mwenye masharubu makubwa," msichana alimwambia, "anamwambia mwenzake kwa Kiyidi kwamba suruali inamvuka na pini ziko mfukoni."

Kiyidi ndiyo lugha waliyokuja nayo Wayahudi wa kule, kama sisi tulivyokuja na yetu. Sasa mnaelewa kwa nini hakunifukuza nilipomweleza maneno ya mke wa chifu. Msichana yule alikuwa Fruma. Akawa mshonaji, akaishi Stamford Hill, na kwa miaka yote iliyofuata Gorelik hakutoa filamu yoyote isiyo na sauti bila kumwonyesha kwanza.

Alasiri moja Bwana Gorelik aliniita kwake Kilburn nimsaidie kuhama chumba kimoja kwenda cha pili, ghorofa hiyohiyo, kwa sababu mwenye nyumba alitaka kile chenye dirisha. Chini ya kitanda nikakuta kopo la filamu limefungwa kwa mkanda wa suruali. Nikalifungua kidogo, nikanusa, nikalifunga haraka. Wanangu, filamu za zamani zile ziliwaka kama petroli, na zikianza kuoza zinatoa harufu ya soksi zilizosahauliwa. Kumbe mzee alikuwa amelalia moto miaka yote ile, na mwenye nyumba wake alivuta sigara kama treni ya makaa.

"Hii ni nini?" nilimuuliza.

"Hiyo ni siku ambayo haikutokea kitu," alisema.

Akakaa juu ya sanduku akanieleza. Zamani, kabla ya vita kuu ya pili, kampuni yake ilimtuma Ulaya Mashariki kupiga picha za mkubwa mmoja akifungua njia ya reli. Treni ya mkubwa ikachelewa. Gorelik akajikuta amekaa kwenye mji mdogo, si mbali na alikozaliwa baba yake, na ilikuwa siku ya soko. Akatumia karibu filamu yote kupiga soko. Wauza viazi, wauza samaki, watoto, mbuzi mmoja, mzee anayelala juu ya magunia. Treni ilipofika alikuwa amebakiwa na filamu ya kupiga picha kofia ya mkubwa tu.

Huku London bosi aliitazama akauliza: moto uko wapi? Waziri yuko wapi? Hakuna kilichotokea! Akaamuru itupwe. Gorelik akapewa kwenda kuitupa, akaenda nayo nyumbani.

"Miaka michache baadaye Wanazi wakaingia mji ule," aliniambia. "Wayahudi wake waliwaua karibu wote. Wale wote wa sokoni, Mona. Na mimi ninao, wanakaa chini ya kitanda."

Nikamwambia filamu inaoza, na kama hatutainakili sasa wataondoka mara ya pili. Tukaipeleka maabara kwa teksi, kopo limelala mapajani mwangu, dereva akitaka kuwasha sigara na sisi wote wawili tukimpigia kelele.

Nakala ilipotoka tukaiweka mezani. Dakika chache tu za picha, kimya. Watu wanaongea na kamera, wanaongea wao kwa wao, midomo inakwenda mbio, hakuna kinachosikika. Bwana Gorelik mwenyewe hakukumbuka walisema nini. Alikuwa anazungusha mpini na kuhesabu moyoni ili mwendo usipotee. Tukatazama tena na tena.

"Lazima walisema jambo kubwa," nilimwambia. "Tazama huyu, uso wake."

Alikuwa mwuza viazi, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya, ananyoosha kidole kwenye lenzi na kusema kitu kwa nguvu zake zote. Mimi nilishaamua ni onyo. Niliona kama mtu anayetabiri.

Bwana Gorelik akasema, "Mwite Fruma."

Bibi Fruma alikuja na mfuko wa kufuma na miwani miwili. Alikuwa na sauti kubwa isiyopanda wala kushuka, sauti ya mtu ambaye hajajisikia tangu utotoni. Akasogeza kiti hadi pua inagusa kioo. Nikamwachia mkanda taratibu. Alipomfikia mwuza viazi alinipiga mkono nisimamishe, nirudishe, niendelee.

"Anasema nini?" Gorelik alimwandikia kwa vidole hewani, namna yao.

"Anasema, 'Wewe bwege wa sanduku, unanizibia viazi!'"

Akanipiga mkono niendelee.

"Anasema tena, 'Nunua au ondoka!'"

Nilimtazama Bwana Gorelik. Machozi yalikuwa yanamtoka na mdomo unacheka. Bibi Fruma akaendelea, bila huruma, kama anasoma bei za nguo. Mama wa samaki anamwambia mpiga picha: "Kampige picha mume wangu, huenda ukamkuta anafanya kazi." Watoto wawili wanabishana kama ndani ya kamera kuna mtu mdogo. Msichana anamnong'oneza mwenzake kwamba mgeni ana viatu vizuri, ila masikio, masikio hapana.

"Hilo ni kweli," alisema Bibi Fruma, akimtazama Gorelik masikio.

Tangu hapo ikawa kazi yetu. Gorelik alitaka watu wale wasikike kwa Kiyidi chao. Sauti za wanaume alizitia yeye, na za wanawake akazitia Bibi Fruma. Mtu ambaye hasikii ndiye aliyewapa sauti watu wasiosikika, na wala hakuona ajabu. Aliuliza tu kama tutakuwa na biskuti. Mimi nilikaa nyuma yake na kumgusa bega kila mdomo ulipofunguka, naye anasema. Nikichelewa kumgusa, anageuka na kunigombeza. Chini ya picha tukaweka maneno ya Kiingereza, kwa ajili ya wajukuu ambao Kiyidi wanakielewa nusu na kukijibu robo. Nadhani mnawafahamu wajukuu wa namna hiyo.

Habari zikafika kwa kamati moja ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa, iliyokuwa inaandaa maonyesho kwenye ukumbi wa mashariki ya London. Mwenyekiti wake alikuwa wakili, Bwana Sandler, mtu mpole mwenye suti ya kijivu. Alikuja kwenye chumba chetu cha kukatia, Soho, kuitazama. Alipomaliza alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Bwana Gorelik," alisema, "hii ni hazina. Lakini hamwezi kuionyesha hivi. Wekeni muziki wa fidla. Wekeni msimulizi aseme ni akina nani na kilichowapata."

"Kilichowapata watu wote ukumbini watakijua," Gorelik alijibu. "Ambacho hawakijui ni bei ya viazi."

"Babu na bibi yangu walitoka mji kama ule. Siwezi kukaa kuwatazama watu waliouawa, nao wanatukanana juu ya viazi. Ni kuwavunjia heshima."

"Unadhani walikuwa wanapiga fidla kutwa nzima?"

Wakili hakukasirika, ndilo lililonitia shida. Kama angekasirika ningejua niko upande upi. Alisema polepole: "Mimi sikuwahi kuwaona. Nina picha moja ya studio. Naomba tu wapewe staha."

Wakili alipoondoka, Bwana Gorelik akarudi kwenye meza ya kukatia. Wiki iliyofuata kifua kikambana, akalazwa. Maonyesho yalikuwa Jumapili. Nikaenda wodini na maswali yangu yote, nikiwa nimeshatengeneza, kwa siri, sauti ya pili yenye fidla, iwapo tungeshindwa kumkatalia wakili.

"Wakili amenipigia simu," nilimwambia. "Anasema uamuzi ni wetu, ukumbi ni wao, lakini anatuomba. Niende na ipi?"

"Mimi niko kitandani," alisema. "Nani ana wembe?"

"Mimi."

"Basi."

Miaka yote ile ananisahihisha kila kipande, na siku ninayomhitaji anisahihishe, ananiachia. Nilitoka nimemkasirikia hadi kituo cha basi.

Nisiwafiche, usiku ule niliipenda fidla. Fidla ni salama. Ukiweka fidla hakuna atakayekuuliza kitu, watu watalia, watakupa mkono, watakwenda nyumbani. Nikafikiri juu ya mama yangu Tanga. Kama siku moja nisingekuwa na kitu chochote chake ila dakika moja ya filamu, ningetaka ile anayokaa kama yuko msibani, au ile anayonigombeza kwa kanga? Nikabeba kopo lenye viazi.

Ukumbi ulijaa. Wazee wengi, makoti yao magotini. Bwana Sandler alikaa safu ya mbele, wima. Bibi Fruma alikaa pembeni, lakini hakutazama filamu. Aligeuza kiti akawatazama watu, maana filamu alikuwa ameshaisoma. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha projekta, natazama kwa tundu.

Soko likatokea. Mbuzi. Mzee juu ya magunia. Hakuna aliyejikohoza. Halafu mwuza viazi akanyoosha kidole, na sauti ya Bwana Gorelik ikatoka: Wewe bwege wa sanduku, unanizibia viazi!

Nikaona maisha yangu ya kazi yameisha. Kisha mzee mmoja katikati ya ukumbi akacheka, kicheko kikavu, kama mtu aliyeshtukizwa. Mwanamke nyuma yake akacheka. Ikasambaa. Watu waliinama mbele, wakashikana mikono, wakacheka na kulia bila kuamua kipi kwanza. Bibi mmoja alisimama akamjibu mwuza viazi kwa Kiyidi, kwa sauti, na watu wakacheka upya. Filamu ilipoisha walitaka tena. Nikarudisha mkanda, nikaonyesha tena. Mara ya tatu walikuwa wanabishana nao kama wako sokoni.

Bwana Sandler hakucheka hata mara moja. Watu walipokuwa wanatoka alipanda ngazi hadi mlangoni pangu. Nikajiandaa.

"Ile picha yangu ya studio," alisema, "wote wametulia. Wamekaa hivi." Akanionyesha, mikono magotini. "Sikuwahi kujua kwamba walikuwa na hasira."

Akanipa mkono, akashuka.

Gazeti moja, nawaambia muone dunia, liliandika kwamba ukumbi mzima ulizama katika huzuni tupu. Mwandishi wake nilimwona kwa macho yangu akijipigapiga paja kwa kicheko.

Jioni ile nikakimbilia hospitali. Nilikuwa nataka sifa, sikatai. Bwana Gorelik alikuwa amelala juu ya mito mitatu, amekonda, macho yako kazini.

"Walilia?" aliuliza.

"Walicheka."

"Wapi?"

"Kwa mwuza viazi. Walicheka sana, Bwana Gorelik, ungeona."

"Na mama wa samaki? Anayesema juu ya mumewe?"

Nikafikiri. "Hakusikika. Walikuwa bado wanamcheka mwuza viazi."

Akafumba macho. Nikadhani amechoka.

"Basi ulikata mapema," alisema.

"Alikuwa ameshamaliza kusema. Na pale mkanda ulikuwa na mkwaruzo, mbaya, juu hadi chini. Niliutoa."

"Amemaliza kusema, ndiyo." Akafumbua macho. "Lakini mimi nilikuwa pale, Mona. Hakuwa amemaliza. Warudishie watu nafasi yao ya kucheka."

Hayo ndiyo masahihisho yake ya mwisho kwangu. Hospitali hakutoka tena. Nimekata filamu miaka mingi baada ya hapo, kwa wembe, kwa kanda za video, kwa kompyuta hadi macho yalipogoma, na kila mara nilipotaka kutupa kipande kwa sababu ni kichafu, nilikitazama kwanza hadi mwisho.

Asubuhi baada ya jioni ile ya hospitali nilifungua chumba chetu Soho, nikaenda kwenye lile kapu. Kipande kilikuwa bado kinaning'inia. Nikakirudisha mahali pake, nikazungusha taratibu. Mkwaruzo unashuka katikati ya uso wa mwuza viazi kama mvua. Kidole bado kimenyooka. Anakishusha. Anaitazama lenzi, anajaribu kuishikilia ile hasira yake, inamponyoka, na kwa mara ya kwanza nikaona, nyuma ya ule mkwaruzo nilioutupa, kwamba anacheka.